Mwalimu wa Magari Matatu

Mwalimu alinifelisha mara tatu kabla ya kuniruhusu nishike usukani wa gari lolote la Zamu, na mpaka leo sijui mara ya nne nilifanya nini kipya. Barabara ilikuwa ileile, kutoka shule yake ya udereva pale mtaa wa Wabera mpaka soko la mifugo na kurudi. Gari, aina ya probox, lilikuwa lilelile. Mimi nilikuwa yuleyule, jasho likinitiririka mgongoni. Mara ya kwanza alisema sikuangalia kushoto. Mara ya pili niliangalia kushoto mpaka shingo ikaniuma, akasema, "Unaangalia, lakini huoni." Mara ya tatu hakusema neno. Alishuka, akafunga mlango polepole, akaniacha nimekaa palepale. Mara ya nne gari lilinizimikia mbele ya punda wawili, wenye bodaboda wakanipigia honi na kunitukana, nikawaomba punda msamaha badala ya watu. Akanipa mkono.

"Haya, umepita."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwani unataka kurudia?"

Sikutaka kurudia. Lakini nilitaka kujua, na huo ndio ugonjwa nilioupata kwake siku hiyo na ambao haujapona. Nilifanya kazi naye miaka mingi. Kila jioni nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa jambo, na kila asubuhi alilipindua.

Nieleze kwanza Zamu, kwa mtu ambaye hajawahi kufika Isiolo. Kabla ya Zamu, Mwalimu alikuwa anafundisha watu kuendesha gari tu. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, wake kwa waume, na wote wanamwita Mwalimu tu. Jina lake lingine nimelisikia msikitini wakati wa maombi na sitalitaja. Wiki moja ya likizo, wanafunzi wakiwa wachache, alizunguka Wabera kwa miguu, amevaa buibui lake na raba za kiume, akitazama magari yaliyoegeshwa nyuani. Aliona kuku wametaga chini ya gari moja. Aliona jingine limeanikwa nguo. Akamgongea mwenye gari mlango, mtu mzima wa heshima, akamwambia, "Salaam aleikum. Hii si gari, ni kabati."

Watu wa magari hapa kwetu, na Mwalimu ni mmoja wao, ni wale ambao wazee wao waliletwa na jeshi la mkoloni wakabaki, wakawa wafanyabiashara na wasafirishaji. Kwao gari ni heshima ya nyumba hata likiwa halisogei. Sijui Mwalimu aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba familia tatu zilikubali kutoa magari yao yatumiwe na watu wengi kwa zamu: probox nyeupe, probox ya kijivu, na pikapu. Kila boma lililojiunga lilichangia mafuta na matengenezo, na likapata haki ya kuomba gari kwa saa moja, kwa asubuhi, au kwa siku nzima. Ukimaliza unalirudisha mahali pake, likitazama barabara, tangi likiwa nusu. Watu wakaita mpango huo Zamu.

Mahali pa kuweka magari palipangwa darasani. Shule yake ilikuwa na ule ubao wa mji wa mfano ambao kila shule ya udereva inao, wenye barabara za rangi na vigari vya plastiki vya kusukuma kwa kidole. Mwalimu aliupaka rangi upya akauchora uwe Isiolo. Hospitali, misikiti, kanisa, soko la mifugo, mpaka ule mtaro ambao mvua ikinyesha hauvukiki, vyote alivitia. Halafu akatandaza punje za mahindi: nyumba yenye mzee asiyeweza kutembea, punje moja, nyumba yenye mja mzito, punje moja. Alituita mimi na wanafunzi wengine, akatuambia tuweke vigari vitatu mahali ambapo hakuna punje itakayolia.

"Mtu asitembee zaidi ya adhana moja," alisema. Maana yake, mwadhini akianza, uondoke nyumbani, na kabla hajamaliza uwe umeshika mlango wa gari. Alimtuma jirani yake aliyekuwa na mimba ya miezi minane akajaribu. Hata majirani zetu Wakristo walipimiwa kwa adhana, na mmoja wao alilalamika kwamba mwadhini wa upande wake ana pumzi fupi.

Kwa hiyo probox nyeupe ikawekwa karibu na hospitali, ya kijivu nyuma ya msikiti wa Wabera, na pikapu upande wa soko la mifugo. Nilifurahi sana, kwa sababu nilidhani nimemwelewa: huyu ni mtu wa mipango na vipimo. Mwezi haukuisha, akaitoa ile ya hospitali akaiweka mbele ya kinyozi. Nikamwonyesha ubao, punje, adhana. Akautazama kama anauona mara ya kwanza. "Ndiyo," alisema, "lakini hapa ni pazuri." Ilikaa kwa kinyozi mpaka Ramadhani, kisha akairudisha hospitali bila kueleza.

Kazi yangu ilikuwa kuyafuatilia magari. Watu wanapenda kwenda na gari. Kulirudisha ni habari nyingine. Mtu anaenda nalo Ngare Mara kumwona shangazi, shangazi anachinja, na gari linalala huko. Nilikuwa napanda boda mpaka lilipo, nalirudisha mahali pake, napanda boda nyingine kufuata la pili. Kuna siku nilizunguka mji huu mara sita na sikufika popote. Watu walinitania kwamba mimi ndiye mchungaji wa pekee Isiolo ambaye mifugo yake haili majani.

Nilinunua daftari nikaanza kuandika maamuzi yake. Nilitaka kanuni. Nilijiambia mtu mwenye akili kiasi hicho lazima ana kanuni, na kama siioni basi kasoro ni yangu. Niliandika: mwenye mgonjwa hutangulia. Wiki hiyohiyo alimwacha mwenye mgonjwa akampa gari mwalimu wa madrasa aliyetaka kwenda kuchukua mbao. Niliandika: aliyechelewesha gari hupoteza zamu. Akaja mama mmoja aliyelirudisha baada ya siku mbili, na mbuzi ndani, naye akamwongeza siku. Nilipomwuliza, alisema, "Ungemwona uso." Mimi nilikuwa nimemwona uso. Ulikuwa uso tu.

Wakati mmoja walikuja vijana kutoka Nairobi, wasomi, waungwana, wana programu ya simu ya kugawana magari. Kila mwanachama alipewa namba yake ya siri. Unaiandika, simu inakuonyesha gari liko wapi na lina nafasi saa ngapi. Nililia kwa furaha, maana niliona miguu yangu imepona. Lakini kulikuwa na mama wa Kiborana, muuza maziwa, ambaye wiki ya kwanza namba yake ilitumiwa na shemeji yake, binamu wawili, mke mwenzake, jirani, na mgeni kutoka Moyale ambaye hata yeye mama hakumjua vizuri. Simu ikadhani ameibiwa, ikamfungia. Wale vijana wakaja kwa Mwalimu wakiwa na huzuni, wakasema wanachama wanavunja masharti.

"Hapa mtu mmoja si mtu mmoja," Mwalimu aliwaambia. "Hiyo mashine yenu ifundisheni kujua maboma."

Nikaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa: BOMA NI MOJA. Siku mbili baadaye shemeji wa yule mama akaja kuomba probox, na Mwalimu akamkatalia kwa sababu yeye si mwanachama.

"Mwalimu, lakini juzi ulisema boma ni moja!"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa nasema hii."

Vijana wa Nairobi walirudi kwao na programu yao. Sisi tukaendelea na simu ya kawaida yenye vibonye, ambayo watu waliipigia kuomba zamu, na ubao mweupe ambao mimi niliandika na yeye akafuta.

Alimfelisha hata mzee mmoja aliyekuwa ameendesha malori ya ng'ombe kati ya Moyale na Nairobi tangu kabla sijazaliwa. Yule mzee alicheka mpaka alipogundua hakuna mwingine anayecheka. "Wewe mama," alisema, "mimi nimeendesha hii barabara kabla haijawekwa lami!" Mwalimu akamjibu, "Ndiyo sababu. Unaendesha ile ya zamani." Mzee akarudi darasani akakaa na wasichana wa sekondari, akasukuma vigari vya plastiki kwa kidole, na baadaye akawa mtetezi mkubwa wa Mwalimu kuliko wote.

Alikuwa na kikombe cha bati cha rangi ya bluu. Yeye, aliyetaka mji mzima ugawane magari, hakugawana kikombe hicho na mtu yeyote. Siku moja dada yake, katika haraka ya kupokea mgeni wa serikali, alimtilia mgeni chai ya maziwa ya ngamia katika kikombe kile. Mwalimu alimtazama mgeni akinywa mpaka tone la mwisho. Mgeni alipoaga, akamfuata mpaka mlangoni, akampa kikombe aende nacho. Mgeni alidhani ni desturi yetu ya ukarimu na alishukuru mno. Kesho yake Mwalimu alinunua kingine, bluu vilevile.

Asubuhi aliweka kiganja juu ya boneti ya kila gari, kama mama anayepima homa ya mtoto, na akajua. "Nani alipeleka hii Gotu?" aliuliza, na kweli mtu alikuwa ameipeleka Gotu akisema anaenda dukani. Wakati mwingine alijulia vumbi, wakati mwingine sijui alijulia nini. Wanachama walimwogopa, wakamsema pembeni, na wote walipopata shida walimpigia yeye kabla ya jamaa zao. Ukilalamika kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, alikwambia haraka haraka haina baraka, nawe ukishika haraka haraka kesho yake, alikuuliza kwa nini umechelewa.

Hayo yote ningeyasimulia nikicheka, kama wanavyoyasimulia wengine, kama isingekuwa siku moja. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mwalimu alininyang'anya zamu yangu ya pikapu, zamu ya kumpeleka baba yangu Korbesa, na kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aniambie kwa nini.

Baba yangu, ambaye sisi watoto wake tulimwita Aba, alikuwa mtu wa ng'ombe. Uzee na ugonjwa wa kifua vilimleta kwangu mjini, Wabera, lakini mazungumzo yake yalibaki kwao Merti. Ng'ombe wake, alisema, wako fora, yaani kwenye kambi ya mbali ya malisho, wanachungwa na binamu zake upande wa Korbesa, karibu na Merti. Kila asubuhi akinywa chai alisema hivyo. Mvua ikinyesha alisema, "Huko fora wanashiba leo." Jua likiwaka alisema watakuwa wamehamia karibu na mto.

Sikuwahi kumwuliza ni wangapi. Mgeni atashangaa, lakini Mborana hatashangaa. Kwetu humwulizi mtu idadi ya ng'ombe wake, na mtoto hamwulizi baba yake hata kwa kuzunguka. Ni utovu wa adabu, na wengine wanasema ni kuwatakia mabaya. Unauliza kama wako salama, unajibiwa wako salama, mnamshukuru Mungu, mazungumzo yanaisha.

Kifua kilipombana zaidi, nilisikia uchungu kwamba atakufa akitazama ukuta wa mabati wa jirani. Nikaamua nitampeleka akawaone. Basi la Merti asingeliweza. Gari la kukodi la njia ile sikuliweza mimi. Lakini nilikuwa mtu wa Zamu, na safari ndefu za pikapu kila boma lilipata moja kwa mwezi. Nikaandika jina langu kwenye ubao, siku ya Jumamosi, kwa mkono wangu. Nikamwambia Aba. Alisema tu, "Ni mbali." Nikamwambia mbali ni kwa mwenye miguu. Nikadhani amefurahi mpaka amekosa maneno.

Jumamosi asubuhi nilifika kuchukua funguo nikiwa na blanketi, mto wa kumwegemezea, na chupa ya chai. Pikapu haikuwepo. Mwalimu alikuwa anafagia darasa.

"Nimeipeana," alisema, bila kuinua macho.

"Umeipeana? Kwa nani?"

Alinitajia jamaa mmoja wa mtaa wa pili, mtu aliyewahi kurudisha probox bila kioo cha nyuma akasema aliipata hivyo. Alikuwa anabeba magodoro ya bibi harusi. Magodoro sita.

"Mwalimu, ni Aba. Ni mgonjwa. Wewe unajua ni mgonjwa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Zamu yako itafika."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwalimu wake. Aliendelea kufagia. Nilirudi nyumbani na blanketi langu, na Aba, ambaye nilitegemea atalia au atalaani, ndiye aliyenituliza. "Haidhuru," alisema. "Gari ni ya watu." Nikasema nitatafuta jingine, hata kwa kuomba msikitini. Akakataa kabisa, akasema atangoja zamu ijayo. Nilishangaa uvumilivu wake. Zamu ijayo haikufika; alifariki kabla mwezi haujaisha, tukamzika kabla ya alasiri, na Mwalimu alikuja mazishini, akakaa na wanawake, akaondoka bila kunitazama.

Baada ya arobaini nilimwuliza binamu yake Aba kuhusu ng'ombe. Alitazama chini akasema, "Kiangazi kimewamaliza." Tulikuwa kwenye kiangazi wakati huo, mito imekauka. Kwa hiyo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: Jumamosi ile walikuwa hai. Aba angewaona. Magodoro sita yalimkosesha.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nimejiuliza pia. Jumatatu baada ya kusikia hayo nilikwenda nikiwa nimeandaa maneno ya kuaga, nikamkuta anabadilisha gurudumu la pikapu peke yake, nikashika spana. Tulibadilisha gurudumu. Tangu hapo nilimchukia kila siku, na kila siku nilifika mapema. Nilitupa daftari. Alipopendelea, nilisema moyoni, ndivyo alivyo. Alipotenda haki, nilisema, kwa nini si siku ile. Siwezi kusema nilimpenda na siwezi kusema sikumpenda. Wanaoweza kutenganisha mambo hayo, Mungu awazidishie.

Mwaka huu macho yake yameharibika. Sukari, daktari alisema, na akamkataza barabara. Shule ya udereva ikafungwa. Wanachama wakakutana darasani wakakubaliana kwamba mimi nishike Zamu, na kama sitaki, basi kila familia ichukue gari lake. Yule mzee wa malori alinishika bega akasema, "Usiache yarudi kuwa makabati." Nikawaambia sitaki. Nilikuwa nimeapa siku nyingi kwamba siku ya kukabidhiwa funguo hizo nitazikataa mbele yake, ili na yeye aonje kunyimwa. Simu ya Zamu iko mfukoni mwangu ninapoandika haya, kwa hiyo msomaji anajua kiapo kiliishia wapi. Ila namna kilivyoishia sijui kama nitaweza kuieleza sawasawa.

Nilikwenda kwake baada ya alasiri. Alikuwa amekaa barazani, dada yake akanitilia chai akaingia ndani. Mwalimu aligeuza sikio kabla ya uso.

"Waryaa," alisema, kama alivyowaita wanaume wote aliowazidi umri. "Umekuja kuchukua ama kukataa?"

"Nimekuja kuuliza."

"Mhm."

"Ile Jumamosi. Pikapu ya Aba."

Alipapasa mkekani mpaka akapata kikombe chake, akanywa funda moja. Kisha akasema, "Baba yako alikuja kwangu."

"Lini?"

"Siku mbili kabla. Wewe nilikuwa nimekutuma Meru kuleta kioo ya probox."

"Aba alikuwa hawezi kutembea, Mwalimu. Mpaka choo nilikuwa namshika."

"Alitembea. Akapumzika kwa hii duka, akapumzika kwa ile. Amefika amelowa jasho. Nikampa maji, hakutaka. Akasema, 'Mwalimu, kijana yangu ameomba gari ya Korbesa. Usimpe.'"

Nilimwambia sielewi.

"Hata mimi sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Huko hakuna kitu.' Nikauliza kitu gani. Ndiyo akaniambia. Ng'ombe zake ziliisha, zote, ile kiangazi kubwa ya nyuma, kabla hajakuja kukaa kwako. Si hii ya mazishi. Watu wa Korbesa wote walijua. Ni wewe tu."

Nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilikumbuka asubuhi zote zile, fora, mvua, mto. Nilihisi aibu, kisha hasira, kisha nikawa sijui ninahisi nini.

"Nikamwambia, ambia kijana ukweli," Mwalimu aliendelea. "Akasema, 'Kila asubuhi nimemwambia wako fora. Sasa nitaanzia wapi?' Nikamwambia kijana atakasirika. Akasema, 'Akukasirikie wewe. Wewe ni mwalimu, umezoea.'"

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

"Na alipokufa, kwa nini hukuniambia?"

"Alisema nisikuambie."

"Lakini alikuwa amekufa!"

"Ndiyo. Sasa hiyo ruhusa ningeomba nani?"

"Na leo?"

Aligeuza macho yake yaliyofifia upande wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona naye hajui. "Leo nimechoka nayo," alisema. "Pengine nimekosea kukuambia. Pengine nilikosea kunyamaza. Nimefikiria hii kitu mpaka kichwa inauma, wallahi, sijui."

"Ningempeleka," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa mpaka dada yake akachungulia. "Hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja, ningempeleka tukae tu."

"Alijua ungempeleka. Ndiyo maana alikuja."

Tulikaa. Simu ya Zamu ilikuwa juu ya mkeka kati yetu. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na mara ya tatu niliishika nikaijibu, kwa sababu nilikuwa nimezoea. Mtu wa upande wa hospitali aliuliza kama probox iko. Nikamwambia iko. Sikuirudisha mkekani; niliitia mfukoni.

"Alirudi vipi nyumbani?" nilimwuliza. "Aba. Siku hiyo."

"Nilimrudisha mimi na pikapu. Alikaa mbele. Ilikuwa siku ya soko. Tukipita hapo kwa mifugo akaniambia nisimame, nikaegesha karibu na lango, pale ng'ombe wanaingilia. Nilidhani ni dakika moja. Tulikaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa." Alinyoosha mkono wake kando, kuonyesha. "Alitoa mkono kwa dirisha hivi. Wakipita karibu, anawagusa mgongo. Na anawaita. Ng'ombe za watu, lakini anawaita majina ya zake."

Nilimwuliza ni majina gani.

Midomo yake ilijaribu jina moja, ikaliacha, ikajaribu jingine. Kisha akasema Kiborana chake ni cha kununulia maziwa tu, na hakushika hata moja.